Futari ya Ijumaa Kuu

Mume wangu alianguka mkarafuuni mwezi wa Disemba 2022, saa nne za asubuhi, mimi nikiwa chini ya mti huohuo, nimekaa juu ya jamvi nachambua makonyo, vile vijiti vya vishada vya karafuu. Sikumwona akianguka. Nilisikia tawi. Mkarafuu una tabia hiyo: tawi lake ukilitazama ni nene na zima, lakini halipindi, likizidiwa linakatika mara moja, halikupi hata nafasi ya kujishika. Kila mchumaji wa Pemba analijua hilo, na kila mchumaji anapanda, kwa sababu karafuu nzuri ziko nchani na pishi haijai kwa vishada vya chini.

Nilipomfikia alikuwa amelala chali kwenye majani, macho wazi, anapumua. Akaniambia, "Nishike miguu." Nilikuwa nimeshaishika.

Ya hospitali nitayapita haraka. Tulianzia hapa Pemba, tukateremshwa bandari ya Mkoani, tukavuka kwa boti kwenda Unguja, yeye kalazwa juu ya godoro, mimi nimemshikia mwavuli. Huko daktari mmoja, kijana mpole, alituambia bila kutuzungusha: uti wa mgongo umeumia vibaya, na miguu haitarudi. "Lakini tutamsaidia aishi vizuri," alisema. Mimi nilisikia nusu ya mwanzo tu.

Nilikaa Unguja wiki sita, nyumbani kwa wifi yangu. Asubuhi, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa nakwenda Mkunazini kukaa kanisani. Sisi Waanglikana wa visiwa hivi kanisa lile tunalijua tangu utoto, hata tusiowahi kulikanyaga. Limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, yuleyule aliyefanya kazi ya kuiandika Biblia kwa Kiswahili. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungushiwa nyekundu. Hapo, wanavyosimulia wazee wetu, ndipo ulipokuwa mti wa kufungia watu na kuwachapa viboko. Na ukutani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, huko Zambia, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa.

Bibi mzaa bibi yangu aliishi Mbweni, kwenye makazi ya walioachwa huru. Hatujui alitoka nchi gani wala kabila gani. Tunalijua jina alilobatizwa, basi. Nilikuwa nakaa benchi la mbele nalitazama lile duara na kujiuliza kama aliwahi kusimama pale akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mtu asiyemjua. Wala sikupata faraja yoyote, nisiseme uongo. Nilipata hasira. Nikamwambia Mungu, kama uliweza kuweka altare mahali pa viboko, miguu miwili inakushinda nini? Na palepale nikaweka naye mapatano. Kwaresima ikifika nitafunga siku arobaini kamili, sitavunja hata moja, na siku ya Pasaka mume wangu ainuke.

Nililiita jambo hilo imani. Miezi ikapita ndipo nilipoona kwamba nilikuwa najadiliana bei.

Jumatano ya Majivu ya mwaka 2023 ilikuwa tarehe 22 Februari. Tulikuwa tumesharudi Pemba. Mpango wangu ulikuwa huu: chakula mara moja tu kwa siku, jua likishazama, mchana maji, na kila Ijumaa hata maji siyatii mdomoni. Nikawa nahesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango wa chumbani, mistari mitanomitano.

Siku tatu za kwanza kichwa kiligonga kama kinu. Baada ya wiki mwili ukazoea, njaa inakuja saa sita, inakaa kidogo, inaondoka. Kwa kweli zilikuwapo asubuhi ambazo sala iliingia moyoni bila kusukumwa, nafagia uwanja na maneno ya Maombolezo yananijia yenyewe: ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii. Hayo siyakani. Ila nikimaliza kusali nilikuwa naingia chumbani, nafunua shuka na kutazama vidole vya miguu yake. Kila asubuhi. Nilikuwa navitekenya kwa unyoya wa kuku, kimyakimya, nikidhani amelala.

Wiki ya pili kikatokea kidonda. Kilianzia chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, doa linalong'aa kama shilingi. Siku ya nane kilikuwa sawa na kisahani cha kikombe, na katikati nyama imegeuka rangi. Muuguzi wa kituo alikuja nyumbani akanieleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza mpaka siku hiyo: mtu asiyehisi mwili hajigeuzi usingizini kama sisi tunavyojigeuza; uzito wake unabana mahali pamoja, damu haipiti, nyama inakufa. Kwa hiyo lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Nikatega simu. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Mume wangu ni mtu wa mwili, na mimi nilikuwa namgeuza kwa tumbo lenye mlo mmoja.

Ni kipindi hicho nilichompigia mhubiri mmoja niliyekuwa nikimsikiliza redioni. Jina lake nalihifadhi. Nilimweleza kila kitu. Akauliza kama mfungo wangu umeambatana na sadaka. Akasema mfungo mtupu ni kama jembe lisilo na mpini, na kwamba mgonjwa akikawia kupona kuna mtu ndani ya nyumba mwenye shaka. Nikauza karafuu kavu tulizokuwa tumebakiwa nazo, nikamtumia shilingi laki moja na nusu. Zilikuwa fedha za bandeji, za mipira ya mkojo na za unga. Nilipompigia tena hakupokea.

Nayaandika haya waziwazi kwa sababu najua wako wanawake wengine usiku huu wamekaa pembeni ya kitanda na simu mkononi. Mtu akikuuzia uponyaji wa mgonjwa wako kisha akakutupia wewe lawama mgonjwa asipopona, huyo hajatumwa na Bwana. Ningekuwa na mtu wa kuniambia hivyo mwezi wa Machi mwaka ule, ningebaki na bandeji zangu.

Mwisho wa Machi ukaingia mwezi wa Ramadhani. Asiyekaa Pemba pengine haelewi maana yake. Kisiwa hiki kina zaidi ya watu laki tano, na sisi Wakristo ni wachache kiasi kwamba Jumapili padri anajua nani hayupo bila kuhesabu. Ramadhani ikiingia mji mzima unabadilika mwendo. Mchana migahawa imefungwa, sauti zinapungua, watu wanatembea upande wa kivulini. Alasiri zinaanza harufu: mihogo na ndizi mbichi kwenye tui, kaimati, uji wa pilipili manga. Kisha adhana ya Magharibi, na barabara inabaki tupu kama imepigwa ufagio.

Mimi nilikuwa nafunga katikati ya watu wanaofunga, na sikumwambia mtu. Nilishika neno la Bwana kwamba ufungapo unawe uso na ujipake mafuta, watu wasijue. Nililishika upande mmoja tu. Siri yangu haikuwa ya unyenyekevu. Niliogopa watu wakijua halafu Pasaka ipite hivihivi.

Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 7 Aprili. Nilianza mfungo mkavu tangu Jumatano, siku tatu bila chakula wala maji, kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha na vidole havijatikisika. Nilikwenda kanisani, tukafanya Njia ya Msalaba, nikarudi nyumbani kama saa kumi. Nikachukua ndoo kwenda bombani. Nakumbuka kupinda mgongo. Kilichofuata ni ladha ya sukari mdomoni na kichwa changu kiko kwenye mapaja ya mtu.

Alikuwa jirani yangu wa ukuta wa pili, mama mtu mzima, mjane, ambaye nimemwita Bi Mkubwa tangu nilipoolewa. Alikuwa amefunga. Midomo yake ilikuwa imekauka, inapasuka, na mkononi ana kikombe cha maji ya sukari ananinywesha kwa kijiko, polepole, huku anafuta yale yanayomwagika shingoni kwa ncha ya buibui lake.

"Mwanangu," akaniambia, "kwenu anayeumwa hana ruhusa?"

Nikasema siumwi.

"Huumwi! Mie nakusikia usiku. Saa nane unamgeuza, saa kumi unamgeuza, na mie nimeamka kwa daku. Unafunga tokea lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na kwa nini. Hakusema neno kuhusu miguu. Alifikiri kidogo, akasema, "Sasa wewe unafunga, na sie tunafunga. Mbona unafuturu peke yako?"

Akaniinua. Akaita wajukuu zake, vijana wawili wanaovua na baba yao, wakaingia chumbani kwetu na hodi nyingi, wakamwomba radhi mume wangu, wakamfunga ndani ya jamvi kama machela na kumtoa barazani. Tangu turudi kutoka Unguja alikuwa hajatoka nje. Wakamwegemeza ukutani kwa mito. Kulikuwa na upepo wa kaskazi uliochelewa, wa kuishia, na alifumba macho ukampiga usoni, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Adhana ilipoadhiniwa Bi Mkubwa alivunja tende moja katikati. Nusu akala, nusu akanipa. Sinia lilikuwa na mihogo ya nazi, changu wa kukaanga, kaimati chache chini ya kawa. Kwetu Ijumaa Kuu hailiwi kwa shangwe, na mimi nilikuwa na mfungo wangu wa mpaka Pasaka. Nikala. Mhogo ulikuwa umeiva mpaka unapasuka wenyewe, tui limeingia katikati. Nililia nikiwa natafuna na hakuna aliyenizuia. Mume wangu naye alikula kwa mkono wake, na akasimulia kisa cha papa na wale vijana wakacheka. Nikatambua kwamba tangu Disemba nilikuwa sijamsikia akisimulia kitu. Huenda alikuwa anasimulia, mimi sikuwapo.

Usiku huo, saa sita, nilipomgeuza aliniambia neno ambalo mpaka leo ndilo mahubiri makubwa kuliko yote niliyowahi kusikia.

"Mama watoto, toka tumerudi, kila asubuhi unanitazama miguu kabla hujanitazama uso."

Sikuwa na jibu. Nikawasha taa. Nikamtazama. Alikuwa amekonda mashavu, ndevu zina mvi ambazo sikuziona zikiingia, na jicho la kulia lina uwekundu ambao pengine ulikuwa wa siku nyingi. Tukatazamana mpaka simu ikalia ya saa nane.

Pasaka ikafika, tarehe 9 Aprili. Hakuinuka.

Baada ya wiki mbili nilimwendea padri wetu, mzee ambaye hana haraka, nikamweleza kila kitu pamoja na ile laki moja na nusu. Kwanza alinikemea kwa ule mfungo mkavu. Alisema mtu anayeuguza, mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo hatakiwi kujifunga chakula bila kuulizia. Kanisa halijawahi kumtaka mtu auvunje mwili aliopewa. Kisha akafungua Samweli wa Pili, sura ya 12, ambapo Daudi anafunga na kulala chini kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na siku ya saba mtoto anakufa. Watumishi wanaogopa kumwambia. Daudi anainuka, anaoga, anajipaka mafuta, anaingia nyumbani mwa Bwana kuabudu, kisha anaomba chakula anakula. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nilidhani Daudi alikata tamaa.

Padri akaniuliza, "Aliyekata tamaa anakwenda kuabudu?"

Halafu akanipa Isaya 58 niende nayo nyumbani, nisome polepole, aya chache kwa siku. Pale watu wanamlalamikia Mungu: mbona tumefunga, nawe huoni? Malalamiko yangu yaleyale, yameandikwa kabla ya Kristo kuzaliwa. Na jibu la Mungu haligusi tumbo hata kidogo. Anataja vifungo kufunguliwa, nira kuvunjwa, mwenye njaa kugawiwa chakula chako, na usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe. Hapo kwenye kujificha nilikaa siku kadhaa. Nilikuwa nimejificha na mume wangu ndani ya chumba kimoja. Nilikuwa nimejificha na jirani ambaye ukuta wake na wangu unapitisha hata kikohozi. Na nililikumbuka lile duara jeupe la Mkunazini, nikaona nilimwuliza Mungu swali la kinyume. Wale waliofunguliwa pale hawakurudishiwa miaka waliyoibiwa. Bibi yetu wa Mbweni hakurudi kwao. Aliishi, akazaa, akafundisha watoto kusali, na mimi nipo.

Kidonda kilichukua miezi minane kufunga. Bi Mkubwa na binti zake walishona mito minane ya sufi, mikubwa kwa midogo, ya kuwekea magotini, visiginoni, kiunoni. Wajukuu zake waligawana na wanangu zamu ya saa nane na saa kumi, nikaanza kulala. Nilikuwa nakipima kidonda kwa kijiti cha karafuu: vijiti vitatu, viwili na nusu, viwili. Nyama mpya inakuja nyekundu, ina punjepunje kama ya komamanga, inaingia kutoka pembeni. Asubuhi ya Novemba nilipoosha nikakuta ngozi nyembamba, ya waridi, imeziba kote, nilimwita Bi Mkubwa aje aone. Akasimama mlangoni, akatazama, akasema, "Alhamdulillah." Nami nikasema, "Mungu asifiwe." Mume wangu, kalala kifudifudi, akasema kwenye mto, "Na mie niambieni basi kuna nini."

Kwaresima ya 2024 nilifunga tena. Safari hii niliacha chakula cha mchana tu, na kile ambacho ningekula nilikipima: kibaba cha unga au mchele, au thamani yake naitia kwenye kibubu cha bati. Ijumaa tulikifungua na mume wangu tukipanga kiende wapi. Mara ya kwanza kilikwenda kwa kijana wa shehia ya pili aliyeanguka mkarafuuni naye, msimu uleule. Nilipeleka bandeji na mito miwili ya sufi, na nikamwonyesha mama yake namna ya kukunja shuka chini ya kiuno ili kumgeuza mgonjwa bila kuumia mgongo wake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya saa mbili.

Siombi tena miguu? Naomba. Mungu ni wangu na mume ni wangu, na sioni aibu kuomba. Ila naomba nikimtazama usoni.

Siku hizi anashona nyavu. Ilianza na wavu wa wale vijana uliopasuliwa na mwamba. Wakamletea barazani, na mikono yake, iliyozoea kuvuta vishada, ikajifunza sindano ya nyavu kwa siku chache. Sasa wavuvi wengine wanaleta. Anakaa kwenye kigari cha magurudumu tulichopewa na wasamaria, wavu umemfunika mapajani mpaka chini, anahesabu matundu kwa sauti ndogo. Fedha yake ya kwanza alininunulia kitambaa cha doti moja. Nimekiweka.

Mwaka huu wa 2026 Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja. Padri alikuja nyumbani Jumatano ya Majivu akampaka mume wangu jivu barazani, na watoto wa jirani wakasimama kuangalia, wakataka kujua kama linawasha. Mume wangu lazima anywe maji mengi kwa ajili ya figo, kwa hiyo hafungi chakula. Anafunga chai ya maziwa, ambayo kwake ni mfungo mzito, na fedha yake inaingia kibubuni.

Bi Mkubwa hawezi tena kutembea mbali, magoti yanamsumbua. Jioni anamtuma kitukuu chake na bakuli lililofunikwa kawa, na kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Jana lilikuja na tambi za nazi. Leo alasiri nimeshakuna nazi mbili na mihogo iko jikoni. Nimemwita mume wangu mara mbili aionje chumvi kwa niaba ya wote, maana barazani kwetu leo, mpaka jua lizame, anayeruhusiwa kuonja ni yeye peke yake, na yeye amekataa mpaka Bi Mkubwa aletwe.

Vijana wamekwenda kumchukua. Wameondoka na lile jamvi.